Gari la familia likipauka: Kinachofanywa na jua, na vumbi linaloweza kuingia nyumbani

Dar es Salaam. Kwa mbali linaonekana kama limemwagiwa maziwa. Boneti ina kiraka cheupe kilichoanza kama doa la ukubwa wa sarafu, paa limepoteza mng'ao, na kitu kama ngozi nyembamba kinabanduka juu ya kioo cha mbele. Milango, ambayo jua huipiga kwa ubavu, bado inang'aa.

Gari la namna hiyo halikosekani kwenye maegesho ya soko, shule, kanisa au msikiti katika miji ya Pwani. Mwenye nalo huambiwa mengi. Kwamba aliuziwa gari lililopigwa rangi upya. Kwamba analiosha kwa sabuni mbaya. Kwamba alikosea tangu mwanzo kuchagua nyekundu.

Yote hayo yanaweza kuwa na ukweli kidogo, lakini mhusika mkuu ni jua, na kazi yake inaeleweka vizuri. Mzazi anayeielewa anaweza kuokoa fedha, kwa sababu kwa familia nyingi gari ndiyo mali ya thamani kubwa baada ya nyumba na kiwanja.

Kuna upande wa pili ambao huzungumzwa mara chache, nao ni afya. Rangi iliyochakaa hurudishwa kwa msasa, thina na kompresa. Mara nyingi kazi hiyo hufanyika chini ya mti au uani, hatua chache kutoka mahali watoto wanapocheza.

Unene wa karatasi

Rangi ya gari la kisasa ni tabaka kadhaa zilizolaliana. Kiwandani, bodi ya chuma huzamishwa kwanza kwenye tangi lenye rangi ya kuzuia kutu, ambayo hunata kwa nguvu ya umeme. Juu yake hupigwa praima. Kisha hufuata rangi yenyewe, ile ambayo mnunuzi anaiona na kuipenda. Mwisho kabisa hupigwa tabaka lisilo na rangi, gumu na lenye kung'aa, ambalo mafundi huliita klia.

Tabaka zote kwa pamoja zina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita au zaidi kidogo. Huo ni kama unene wa karatasi moja ya kuchapishia. Klia peke yake huwa na mikroni 40 hadi 50 hivi, yaani ni nyembamba kuliko unywele wa kawaida wa binadamu.

Ndani ya klia huwekwa kemikali za kumeza mionzi ya jua ya urujuanimno, inayojulikana zaidi kwa kifupi cha UV. Kazi yake inafanana na ile ya mafuta ya kujikinga na jua anayopakwa mtoto mwenye ualbino. Tofauti ni kwamba mafuta ya ngozi hupakwa upya kila siku, ilhali kinga iliyo ndani ya klia huwekwa mara moja tu kiwandani, na hupungua mwaka hadi mwaka.

Kinga hiyo ikishapungua, mionzi huanza kukatakata minyororo ya kemikali inayoishikilia klia. Joto la mchana huharakisha kazi hiyo. Usiku bodi hupoa na kusinyaa, asubuhi hupata joto na kutanuka, na klia iliyokwisha kuwa kavu hupata nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Maji hupenya humo. Baada ya muda klia huachana na rangi iliyo chini yake, na hewa huingia katikati.

Kile kiraka cheupe ambacho wengi hudhani ni rangi iliyochuja, mara nyingi ni klia iliyonyanyuka. Rangi chini yake inaweza kuwa bado nzima.

Kwa nini boneti na paa

Boneti, paa na mfuniko wa buti huharibika kwanza kwa sababu vimelala vikilitazama jua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta. Nairobi iko juu kidogo tu ya nyuzi moja. Katika maeneo hayo jua la mchana hupita karibu na utosi kwa sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo mionzi hushuka moja kwa moja juu ya paa na boneti.

Ubaridi wa mwinuko nao hudanganya. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba mionzi ya UV huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mtu anapopanda mita 1,000. Anayeishi Nairobi, Arusha au Mbeya huona hali ya hewa ni ya upole, lakini rangi ya gari lake, kama ilivyo ngozi ya mtoto wake, inapata mionzi mikali.

Pwani kuna kisa kingine: unyevu na hewa ya chumvi. Kampuni zinazotengeneza rangi zinajua kwamba jua likishirikiana na unyevu hufanya kazi tofauti na jua kavu. Ndiyo maana kwa miongo mingi zimekuwa zikipeleka vibao vya chuma vilivyopakwa rangi katika maeneo mawili ya Marekani na kuviacha nje kwa miaka. Eneo la kwanza ni kusini mwa Florida, penye joto na unyevu. La pili ni Arizona, penye ukame na jua kali. Anayeegesha gari lake Tanga, Mombasa au Unguja yuko karibu zaidi na hali ya Florida.

Nyekundu ina kosa gani?

Swali ambalo wanunuzi wengi huuliza ni rangi ipi hudumu. Jibu linategemea zaidi chembe zinazoipa rangi sura yake kuliko jina la rangi lenyewe.

Nyeupe hutokana na titani dioksaidi, madini yaliyosagwa ambayo hayachuji. Kwenye magari ya zamani yasiyo na klia, nyeupe ilikuwa na tabia ya kutoa unga kama chaki mtu akipitisha kiganja. Chembe zenyewe zilikuwa nzima, ila gundi iliyozishika ilikuwa imekufa. Kwenye magari mapya tatizo hilo limepungua sana. Nyeupe pia huficha: vumbi, mikwaruzo midogo na hata klia iliyoanza kuchoka havionekani haraka.

Nyeusi hutokana na kaboni, jamaa wa masizi ya jikoni. Nayo haichuji kirahisi. Taabu yake ni joto. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watafiti wa maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley, California, waliegesha juani magari mawili madogo ya aina moja, moja jeusi na jingine la fedha. Paa la jeusi lilifikia joto la hadi nyuzi 25 za Selsiasi zaidi ya lile la fedha. Joto hilo huipika klia. Zaidi ya hayo, nyeusi huonyesha kila mkwaruzo wa kitambaa chenye mchanga.

Rangi ya fedha na ya kijivu huwa na vipande vidogo sana vya aluminiamu. Huhimili jua vizuri na huficha vumbi. Ugumu huja gari likigongwa, kwa sababu vipande hivyo hulala kulingana na namna fundi alivyopuliza rangi. Mlango uliopigwa upya unaweza kuwa na rangi sahihi kabisa na bado ukaonekana tofauti gari likitazamwa kwa pembeni.

Buluu ina bahati. Chembe za buluu zinazotumika zaidi ni za aina iliyoingia sokoni mwaka 1935, nazo zinajulikana kwa kuhimili mwanga kwa miaka mingi.

Nyekundu ndiyo yenye sifa mbaya, na sifa hiyo iliipata kihalali. Nyekundu ya udongo, ile ya kutu ya chuma, haichuji, lakini imefifia na hakuna anayetaka gari la rangi ya tofali. Ili kupata nyekundu ya kuvutia, watengenezaji walitumia chembe za kemikali za kaboni ambazo nyingi zilivunjika kwa mwanga wa jua. Matokeo yake yalikuwa magari yaliyogeuka kuwa ya waridi.

Hali ilianza kubadilika mwaka 1958, kampuni ya DuPont ya Marekani ilipoanza kuuza chembe nyekundu za aina ya kwinakridoni, ambazo ni imara zaidi. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Ciba-Geigy ya Uswisi ilileta aina nyingine, ambayo baadaye ilijulikana kwa kupaka magari ya Ferrari. Kwa hiyo gari jekundu lililotoka kiwandani miaka ya karibuni si sawa na lile la miaka ya 1980. Nyekundu iliyochanganywa mtaani kwa rangi ya bei nafuu, hata hivyo, inaweza kurudisha tatizo lile lile la zamani.

Kuna jaribio rahisi la kujua kama gari lina klia. Chukua kitambaa cheupe chenye polishi kidogo, kisha usugue mahali palipofichika. Kitambaa kikipata rangi ya gari, hakuna klia juu yake, au imeshaisha. Kikichafuka kwa vumbi tu, klia bado ipo.

Nyeupe haimlindi mtoto aliyeachwa ndani

Wazazi wengi huchagua gari jeupe au la fedha kwa sababu ya joto, na wana haki. Katika jaribio lile la Berkeley, hewa ndani ya gari la fedha ilikuwa chini kwa nyuzi 5 hadi 6 kuliko ndani ya jeusi. Kiyoyozi hupata nafuu, na mtoto anayeingia garini mchana hakai kwenye kiti kinachounguza.

Lakini tofauti hiyo isimdanganye mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Pediatrics ulionyesha kwamba joto ndani ya gari lililofungwa juani hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo, asilimia 80, hutokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha kioo wazi kidogo hakukusaidia kwa kiasi cha maana.

Kwa hesabu nyepesi, siku ya nyuzi 30, gari linaweza kuzidi nyuzi 45 kabla mzazi hajamaliza foleni ya benki. Nyuzi 5 pungufu bado zinaacha joto ambalo mwili wa mtoto hauwezi kulistahimili, kwa sababu mwili wake hupata joto mara tatu hadi tano haraka kuliko wa mtu mzima.

Rangi ya gari, basi, ni ya kumpa mtoto nafuu akiwa safarini na mzazi. Haimpi mtu ruhusa ya kumwacha mtoto ndani, hata kwa dakika chache, hata akiwa amelala.

Familia inapoamua kupiga rangi

Chukua mfano wa familia ya kawaida. Baba, mama na watoto wawili, mdogo akiwa na miaka miwili. Gari lao jekundu walilonunua likiwa limeshatumika Japani limepauka boneti na paa. Wanataka kuliuza, na kila anayekuja kuliona anashusha bei. Fundi rangi wa mtaani anakubali kuifanya kazi hiyo pale pale nyumbani, siku mbili tatu, kwa bei nafuu.

Siku ya kwanza ni ya msasa. Fundi anasugua klia na rangi ya zamani mpaka bodi iwe laini. Palipobonyea anaweka puti, kisha anasugua tena. Vumbi jekundu na la kijivu linatua kwenye sakafu ya baraza, kwenye kamba ya nguo, kwenye ndoo za maji na kwenye mchanga ambao mtoto wa miaka miwili anauchezea.

Hapo ndipo hatari ya kwanza ilipo. Kwa miaka mingi, rangi za magari zenye kung'aa, hasa za njano, machungwa, nyekundu na baadhi ya kijani, zilitengenezwa kwa chembe zenye madini ya risasi. Praima za zamani nazo zilikuwa nayo. Kwa gari la zamani, au lililowahi kupigwa rangi mara kadhaa, hakuna anayeweza kujua kwa macho kilicho ndani ya vumbi hilo.

WHO inasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hunyonya risasi anayoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na kwa umri wake kila kitu huishia mdomoni. Madhara yake makubwa ni kwenye ubongo unaokua: uwezo wa kujifunza, umakini na tabia. Mara nyingi hakuna dalili ya kuonekana. Mtoto hatapata homa wala upele. Kipimo cha damu ndicho kinachotoa jibu.

Siku ya pili ni ya kupuliza. Rangi na klia za kisasa za gereji nyingi huchanganywa na hadina, kemikali inayoifanya ikauke na kuwa ngumu. Hadina nyingi za aina hii zina isosaineti. Kemikali hizi ni miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu inayotokana na kazi, na wapuliza rangi za magari wamo katika kundi lililo hatarini zaidi.

Ubaya wa isosaineti ni kwamba mtu hawezi kutegemea pua yake. Ukungu wake huweza kubaki hewani baada ya fundi kuzima kompresa, hata pale ambapo hauonekani tena. Mwili wa mtu ukishazoea kuikataa, kiasi kidogo sana kinaweza kumletea kubanwa kwa kifua. Barakoa ya kitambaa, au ile ya hospitali, haizuii. Wapulizaji katika karakana zenye vifaa kamili huvaa kofia zinazoletewa hewa safi kwa mpira, na hufanya kazi ndani ya chumba maalumu chenye feni za kuvuta hewa. Uani hakuna kitu kama hicho.

Mtoto mwenye pumu katika nyumba hiyo, au nyumba ya jirani, anaweza kupata shambulio kutokana na mvuke wa thina peke yake.

Hatari ya tatu ni chupa. Thina inayobaki mara nyingi hutiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda na kuwekwa stoo. Kwa macho ya mtoto, hayo ni maji. Akinywa, hatari kubwa ni kwamba kiasi kidogo kinaweza kuteleza na kuingia kwenye mapafu. Asilazimishwe kutapika, wala asipewe maziwa au mafuta kama dawa. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa yenyewe ibebwe ili daktari aione.

Fundi naye ni mzazi

Hatari hii haiishii kwa mwenye gari. Fundi rangi anayefika nyumbani jioni akiwa na ovaroli yenye vumbi, akambeba mtoto wake kabla ya kuoga, humpelekea vumbi lile lile. Nguo hizo zikifuliwa pamoja na za watoto, vumbi huhamia humo.

Kwa fundi, hatua za kuilinda familia yake hazigharimu sana. Abadilishe nguo na viatu kabla ya kuondoka gereji. Anawe mikono na uso kabla ya kula, na aoge kabla ya kushika watoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Wakati wa kusugua atumie msasa wa maji, kwa sababu vumbi lililolowa haliruki. Tope lake lisiachwe likauke uani. Lizolewe na kutupwa mbali na watoto.

Akianza kukohoa au kubanwa kifua jioni za siku za kazi, kisha akapata nafuu akipumzika siku kadhaa, hiyo ni dalili ya kumweleza daktari pamoja na aina ya kazi anayofanya.

Maswali kabla ya kumlipa fundi

Familia ile ya gari jekundu haikatazwi kupiga rangi. Inachohitaji ni kuuliza kwanza.

Swali la kwanza: je, ni lazima kupiga rangi? Klia ikiwa imefifia tu bila kubanduka, polishi inaweza kurudisha mng'ao. Lakini polishi hufanya kazi kwa kukwangua tabaka jembamba la klia, kwa hiyo haiwezi kurudiwa kila mwezi. Klia ikishabanduka, hakuna polishi itakayoirudisha. Hapo ni kusugua na kupiga upya.

Swali la pili: kazi itafanyika wapi? Jibu zuri ni gereji yenye chumba cha kupulizia, mbali na nyumba. Jibu la nyumbani likataliwe, hata likiwa na punguzo.

Swali la tatu: ni paneli zipi? Mara nyingi boneti na paa ndivyo vilivyochoka. Kupiga gari zima wakati milango ni mizima ni kuongeza gharama, kupoteza rangi ya kiwandani iliyo bora, na kuzalisha vumbi lisilo la lazima.

Swali la nne: rangi itabaki ile ile? Rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi. Anayeibadilisha kabisa anatakiwa kuijulisha mamlaka ya usajili, ambayo Tanzania ni TRA na Kenya ni NTSA. Namba ya rangi ya kiwandani huwa kwenye kibandiko ndani ya gari, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Fundi aanzie kwenye namba hiyo kabla ya kukisia kwa macho.

Kuna jambo moja la kuipa familia utulivu. Klia iliyobanduka haimaanishi kwamba gari litaoza kesho. Praima na tabaka la kuzuia kutu bado vipo chini. Mradi chuma hakijaonekana, hakuna haraka ya kukubali kazi ya uani. Familia inaweza kusubiri miezi, ikajikusanya, na kuifanya kazi hiyo mahali panapofaa.

Kuichelewesha siku hiyo

Njia rahisi ya kuepuka vumbi la msasa ni kuifanya rangi ya kiwandani idumu. Kivuli ndicho dawa ya kwanza, ila kivuli nacho kina masharti. Chini ya mwembe kuna utomvu, na Dar es Salaam juu ya mwembe kuna kunguru. Kinyesi cha ndege kikikaa juani huila klia na kuacha alama ya kudumu, kwa hiyo kilowekwe kwa maji na kufutwa siku hiyo hiyo. Turubai au mabati juu ya maegesho ni bora kuliko mti. Kifuniko cha kitambaa kinasaidia pia, mradi gari liwe safi kabla ya kufunikwa. Likiwa na vumbi, kifuniko hugeuka msasa kila upepo unapovuma.

Sabuni ya unga na ya vyombo huondoa nta inayolinda klia. Shampuu ya magari hudumu muda mrefu kwa sababu hutumika kidogo kidogo. Gari lioshwe kivulini, bodi ikiwa imepoa, kwanza kwa maji mengi ili mchanga uondoke. Wanaoishi karibu na bahari waliogeshe gari kwa maji baridi mara kwa mara, na chini pia, kuondoa chumvi. Nta kila baada ya miezi miwili au mitatu huongeza ngao ndogo juu ya klia.

Wakati wa kuosha, mzazi atazame taa za mbele. Plastiki yake nayo hupigwa na jua, ikawa ya njano na yenye ukungu, na taa yenye ukungu humulika kidogo usiku. Boneti iliyopauka inaharibu sura tu. Taa iliyopauka inaweza kumfanya dereva achelewe kumwona mtoto anayevuka barabara, kwa hiyo ndiyo ishughulikiwe kwanza fedha zikiwa haba.

Gari lililopauka linawapeleka watoto shule vilevile. Mnunuzi atashusha bei, jirani atatania, na kiraka cha boneti kitaendelea kukua. Hayo yote yanaweza kusubiri gereji nzuri ipatikane. Mtoto wa miaka miwili anayechezea mchanga wa uani hawezi kuomba vumbi limsubiri akue.